Siku moja maishani mwangu: chumba cha vidonda, Mwanza

Saa 11 alfajiri nimeshaamka: maji, chai, sare za watoto. Saa 12 na nusu niko kituoni Igoma nagombania daladala ya mjini, na saa 1 na nusu nimevaa aproni, nimehesabu gozi za kufungia vidonda na chupa za maji ya chumvi, benchi la nje limeshajaa.

Mimi ni muuguzi wa vidonda, huu ni mwaka wa 11. Nikitaja kazi yangu watu hukunja pua, wanadhani tabu yake ni harufu. Harufu unaizoea ndani ya mwezi. Nisichokizoea mpaka leo ni mguu usiouma.

Saa 2 mpaka saa 4 nimeosha na kufunga vidonda tisa. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, kijana wa bodaboda aliyechunika goti. Hao wanalia, wananishika mkono nisiguse, na wanapona.

Saa 4 na kitu akaingia mzee kutoka Ukerewe, mchuuzi wa dagaa, akiongozwa na mwanawe. "Mwangaluka, baba." Akaitika kwa furaha, akapanda kitandani. Kisukari anacho miaka mingi. Nikafungua kitambaa: chini ya kidole gumba cha mguu kuna kidonda cha duara, kama kizibo cha soda, kimezungukwa na sugu nene ya njano. Juu yake wamemwagia unga wa vidonge vya rangi mbili. Kina miezi minne sasa, na nyumbani wameshakiita donda ndugu.

Nilianza kuichonga ile sugu kwa wembe wa upasuaji. Mzee akaendelea kunisimulia bei ya dagaa pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, hata kope haikucheza. Nikamwambia afumbe macho, nikachukua kile kiuzi cha nailoni cha kupimia ganzi, kinachopinda kikikandamizwa kwa uzito wa gramu 10, nikamgusa kidole gumba, kisha chini ya vidole.

"Sista, umeanza?" akauliza.

Nilikuwa nimeshamgusa mahali pane.

Hapo kijana wake akapandwa na hasira. Akaniwekea simu usoni. "Miezi minne tunaoshwa tu! Hapa wameandika kuna dawa ya vichochezi vya ukuaji, ukipaka nyama inaota. Mbona mnatuficha?" Benchi lote likageuka. Niliumia, maana kwenye chumba hiki sijawahi kumficha mtu kitu. Nikafunga mlango, nikavuta kigoda.

Nilimwambia dawa hiyo ipo kweli. Marekani waliidhinisha mwaka 1997 jeli ya namna hiyo kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Lakini mshipa wa fahamu, yaani neva, si waya wa kupeleka maumivu tu. Ngozi na mshipa vinalishana. Ngozi inatengeneza kichochezi cha ukuaji wa neva, kile ambacho Mwitalia Rita Levi-Montalcini alikigundua miaka ya 1950, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Stanley Cohen. Ncha ya mshipa inakichukua, inakipandisha mpaka kwenye kiini cha neva karibu na uti wa mgongo. Kutoka kidoleni mpaka huko ni kama mita nzima, ndiyo maana ganzi ya kisukari inaanzia miguuni. Na zile ncha nazo zinatoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kusaidia kidonda kujengeka.

"Ukikata mshipa je?" akauliza, sauti imeshuka.

Nikamwambia kwa wanyama wa maabara walishapima. Wakikata neva zinazofanya kazi bila mtu kuziamrisha (sympathetic) zinazokwenda kwenye moyo au jicho, kichochezi kinarundikana palepale, maana mbebaji hayupo, na kule kwenye kiini kinapungua. Ni kama boti zisipofika mwaloni: mzigo unajaa ufukweni, visiwani wanalala njaa. Ila kwa kisukari hata mzigo wenyewe hupungua. Ngozi ya wagonjwa ambao neva zao zimeharibika imepimwa, ikakutwa na kichochezi kidogo.

"Basi mchomeni sindano yake!"

Walijaribu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2000 haukuonyesha faida waliyoitarajia. Mwili hautaki kichochezi kimwagwe tu, unataka kifike mahali pake, kwa kiasi chake.

Kisha nikaomba katambuga za mzee. Nikaipeleka ya kulia dirishani, nikapitisha kidole juu ya soli. Glovu ikachanika. Ncha ya msumari ilikuwa imechomoza chini ya kidole gumba, inang'aa kwa kusuguliwa na nyama ya mtu miezi minne. Nikamshikisha kijana mkono, akaigusa mwenyewe. Akakaa chini. Mzee akaitazama sandali yake, akasema taratibu, "Mimi nilijua ni nzima."

Hata jeli ya Marekani ingebomolewa na hatua ya kwanza ya kutoka hapa mlangoni. Nikapima mapigo ya damu juu ya unyayo, yapo, nikashukuru Mungu. Nikafunga kidonda, nikawaandikia waende kwa daktari wa kisukari, nikamwambia mzee asiukanyagie mguu huo, na kila jioni mtu mwingine amkague nyayo kwa macho na mkono.

Nilipofungua mlango, mama mmoja alinifokea kwa kusubirishwa. Alikuwa na haki, amesimama na mguu uliovimba. Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilikula chapati nimesimama, gozi zikaisha, nikaazima wodi ya jirani, nikaosha tena, nikafunga tena, mgongo ukawa unawaka.

Giza linaingia, niko kwenye daladala nimeshika bomba, simu ikaita. Yule kijana.

"Sista, nimechora unyayo wa baba kwenye boksi, niko kwa fundi viatu. Anauliza sponji iwe nene kiasi gani, na msumari asitumie kabisa?"

Nikamwambia asitumie hata mmoja, agundishe na kushona.