Sinia la wageni

Nyumbani kwetu Tanga palikuwa na sinia la bati lenye maua mekundu, ambalo Mama alilitoa kabatini pale tu wageni walipokuja. Vikombe vilipangwa juu yake pamoja na birika la chai ya tangawizi, na aliyelipeleka sebuleni alikuwa mdogo wangu, ingawa nilimzidi miaka miwili. "Mwache dada yako, ana haya," Mama alimwambia. Hakuwa na ubaya. Siku aliponituma mimi, nilisimama nyuma ya pazia la mlango hadi chai ikapoa. Mdogo wangu aliingia, akawaamkia wageni mmoja mmoja, akaulizwa yuko darasa la ngapi, akatoka na sarafu ya kununulia ubuyu. Mimi nilibaki jikoni, na nilipomaliza kuosha vikombe Mama alinisifu kwamba dunia nzima hakuna aoshaye vikombe kama mimi.

Bibi alilimaliza suala hilo kwa maneno machache: kila mtu na alivyoumbwa. Nilimwamini hadi nilipoanza kusoma tafiti kuhusu namna mtu anavyojithamini.

Nyingi kati ya hizo huanzia kwa mapacha. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja, hivyo vinasaba vyao ni karibu sawa kabisa, ilhali mapacha wasiofanana hawakaribiani kwa vinasaba kuliko ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Kwa hiyo, iwapo wale wa kwanza watakaribiana zaidi katika kujithamini, urithi una mkono wake. Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la kauli 10 lililotolewa na mwanasosholojia wa Marekani, Morris Rosenberg, mwaka 1965. Kwa ujumla imeonekana kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 30 hadi 50 ya tofauti zilizopo baina ya watu, na naomba neno "tofauti" lisirukwe. Hakuna aliyesema kwamba asilimia 40 ya kujithamini kwangu ilitoka kwa wazazi wangu kwa damu na iliyobaki ikaletwa na malezi. Ukipanda mbegu mchanganyiko za mahindi katika shamba lenye rutuba sawa kila pembe, kupishana kwa urefu wa mabua kutatokana na mbegu, lakini hakuna bua hata moja lililoota bila udongo. Wala hakuna kinasaba kimoja cha kujiamini. Vinavyohusika ni vingi mno, na kila kimoja huchangia kiasi kidogo.

Kilichonishangaza ni ile sehemu iliyobaki. Nilidhani ni nyumba yenyewe: wazazi wale wale, chakula kile kile, fimbo ile ile. Kumbe tafiti hizo hizo zinaonyesha kwamba yale wanayoshiriki ndugu kwa kulelewa pamoja hueleza sehemu ndogo sana, na kwamba sehemu kubwa hutokana na yale yanayompata kila mtoto peke yake (pamoja na makosa ya upimaji, tusisahau). Nilipofika hapo nililikumbuka sinia. Mama alikuwa wetu sote, na sebule ilikuwa yetu sote, lakini mdogo wangu alikulia katika nyumba yenye wageni, na mimi nikakulia katika nyumba yenye jiko.

Nyumba hiyo ya jikoni, kwa kiasi fulani, niliijenga mwenyewe. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza watoto wa miezi minne, akakuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alirusharusha mikono na miguu na kulia alipokutana na kitu kigeni. Watoto hao walielekea kuwa na haya zaidi walipokua, ingawa si wote. Mtoto huja na hulka yake, hulka hiyo huwafanya wakubwa wamtendee kwa namna fulani, na namna hiyo ikirudiwa kila wageni wanapokuja, mtoto hujifunza yeye ni nani.

Hata sifa huangukia mkumbo huo. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake, nchini Uholanzi, walionyesha kwamba watu wazima huwamwagia sifa za kupita kiasi hasa watoto wanaojithamini kidogo. Katika jaribio moja watoto walichora kwa kuiga picha ya mawaridi ya Vincent van Gogh, kisha wakapewa kijikaratasi kilichodaiwa kutoka kwa mchoraji stadi: baadhi waliambiwa picha yao ni nzuri, wengine kwamba ni nzuri ajabu. Watoto wasiojithamini sana walioambiwa "nzuri ajabu" walielekea kuchagua michoro rahisi baadaye. Nilivikumbuka vikombe vyangu.

Sasa nina binti wa miaka sita ambaye hujificha nyuma ya kanga yangu kama nilivyojificha nyuma ya pazia. Siku ya Idi sikumpa sinia. Nilimpa kisahani cha tende, nikamsindikiza hadi mlangoni na kumwachia hatua zilizobaki. Alikwenda, akakiweka juu ya kiti cha kwanza alichokifikia, akarudi mbio bila kumwamkia mtu. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi humo ndani, akapaza sauti: "Na shikamoo yangu iko wapi?"

Pazia likatikisika. "Shikamoo, mama mdogo!"