Ziwani na karatasi za ajida

Boti ya kasi kutoka Goma hadi Bukavu hutumia kama saa tatu Ziwa Kivu likiwa limetulia. Meli kubwa ni nafuu na inabeba mizigo, ila utakesha nayo. Tulichagua boti ya asubuhi kwa sababu alasiri upepo huamka, mawimbi yakaanza kurusha maji juu ya viti, na mzigo wetu ulikuwa karatasi.

Zilikuwa karatasi za baba mkubwa, ajida mstaafu (ajida ni cheo cha jeshi), ambaye jamaa walikuwa wanamwondolea matanga Bukavu. Nusu ya faili yake ilikaa Goma kwa binti yake wa kwanza. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, binti alitoka na mfuko huo kichwani na godoro akaliacha. Ndivyo mzee alivyowafundisha wote: karatasi kwanza.

Anayesafiri na faili kama hiyo aifunge kwenye nailoni mbili, mdomo wa ya pili ukitazama chini, aipakate. Asiibandike plastiki ya moto. Wino wa zamani hufifia, na ofisi haiwezi tena kugonga muhuri juu yake. Sare na vyeo vya mzee tuliviacha nyumbani. Raia akikutwa na nguo za jeshi kwenye begi atashinda bandarini akijieleza, hata kama marehemu alizivaa miaka thelathini. Picha yake akiwa amezivaa inatosha.

Bandarini jina huandikwa kwenye orodha ya abiria kwa kadi ya mpiga kura. Chungulia lilivyoandikwa, na usipande kabla hujashika jaketi la kuokolea. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama toka ufuoni.

Idjwi inabaki mkono wa kushoto kwa muda mrefu, mpaka unadhani haina mwisho. Halafu Bukavu inatokeza na rasi zake, nyumba zimepandana mlimani. Baba mkubwa aliujua mji huu kwanza kwa bunduki. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka, na yeye, kijana wa ANC, jeshi la Kongo la wakati huo, alikuwa katika vikosi vilivyowabana hadi Novemba, wakavuka kuingia Rwanda. Vita vilipokwisha alibaki. Mwaka uliofuata alioa hapa. Kambi ya jeshi ya Saio aliizoea kuliko kijiji chake, na alipenda kuwaeleza watoto kwamba jina hilo ni la mji wa Ethiopia, ambako Waitaliano waliweka silaha chini mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Julai 1941. Wengi wanaopita pale kila siku hawajui.

Nyumbani, baada ya misa, bugali na sambaza, sanduku lake la bati lilifunguliwa. Faili ya mjane, ya kudai haki za marehemu, inataka akte (cheti) ya kifo, akte ya ndoa, akte za kuzaliwa za watoto, na karatasi yoyote ya jeshi yenye matrikule, yaani namba ya askari. Matrikule ndiyo muhimu kuliko zote, maana majina hubadilika. Na hapo ndipo faili nyingi za kizazi chake hukwama. Cheti cha ndoa cha 1968 kina jina la ubatizo. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na karatasi za baadaye za FAZ, jeshi la Zaire, zina jina la ukoo tu. Ofisini wanaona watu wawili: mmoja ameoa, mwingine ametumikia jeshi. Inabidi itafutwe hati inayosema wenye majina hayo ni mtu mmoja. Anzieni komini (ofisi ya serikali ya mtaa), na mwende na kopi za vyeti vyote viwili. Mkienda na kimoja mtarudishwa.

Barua za uhamisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Lakini ukizipanga akte za watoto wake kumi na mmoja kwa miaka, unapata njia yote ya kazi yake: Bukavu, Kisangani, Kamina, Kitona, tena Bukavu. Familia ilihamishwa pamoja naye kila mara, sufuria na kuku juu ya lori. Zisomwe hivyo kabla ya kusema ushahidi umepotea.

Chini kabisa kulikuwa na daftari la kurasa za miraba. Kila mtoto ana ukurasa: siku, saa, uzito kama ulipimwa, jina la mkunga. Kwenye wa mwaka 1977 ameandika kwa wino mwekundu: “Sikuwepo. Shaba,” yaani vita vya jimbo la Shaba, Katanga ya leo. Neno hilo la “sikuwepo” limo katika kurasa nne. Mama mkubwa aliomba miwani, akazipitia moja moja kwa kidole, akasimama kwenye ya tatu.

“Hii si kweli,” alisema. “Hapa alikuwepo. Alikuwa amelala.”