Kitufe cha Hifadhi kilichozama chini ya skrini

Niliandika programu ya kupokelea korosho kwa ghala moja la Masasi, kwa lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kutengeneza madirisha. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza. Msimu ulipofunguliwa karani akanipigia: "Mwanangu, uzito nimeshajaza, sasa nahifadhi wapi?" Kitufe kilikuwa kimezama chini ya skrini, na dirisha halikubali kupunguzwa.

Nilikuwa nimeweka minsize(1000, 720), yaani dirisha lisipungue chini ya pikseli 1000 kwa upana na 720 kwa kimo. Skrini yake ni 1366 kwa 768, nikajua inatosha. Kumbe winfo_screenheight(), inayouliza kimo cha skrini, ilirudisha 614! Windows ilikuwa imekuza maandishi kwa asilimia 125, na programu isiyotangaza kwamba inaujua ukuzaji huo hupewa vipimo vilivyogawanywa: 768 kwa 1.25. Hapo upau wa chini haujachukua nafasi yake.

Ukuzaji sikuuzima; mama yule anauhitaji ili asome. Nilishusha kikomo hadi 800 kwa 480, kisha kitufe nikakipanga kwa pack(side="bottom"), agizo la kukikalisha chini ya dirisha, kabla ya orodha ya magunia, kwa sababu pack humpa nafasi anayetangulia. Dirisha likibanwa, orodha ndiyo inayopungua, nayo ina kitelezi chake. Jana wamepima tangu asubuhi, simu haikuita.