Kupika kwa Sauti Ndogo: Banda la Chakula Kwenye Tamasha la Ukulele Mikindani

Anayeuza chakula penye muziki hapa Mtwara huwa amezoea kushindana na kelele. Kwenye sindimba, au kwenye harusi iliyokodi spika za singeli, mama lishe hupaza sauti ili mteja aisikie bei, na jenereta likinguruma nyuma ya banda hakuna anayegeuka kulitazama. Tamasha dogo la ukulele nililouzia chakula Mikindani lilikuwa kinyume cha hayo yote, kwani kila nilichopika na namna nilivyokipika viliamuliwa na mambo mawili: sauti ndogo ya chombo chenyewe na vidole vya wanaokipiga.

Kwa asiyeifahamu, ukulele ni ndugu mdogo wa gita, mwenye nyuzi nne ambazo siku hizi aghalabu ni za nailoni. Asili yake ni vigita vya kisiwa cha Madeira, Ureno, vilivyofika Hawaii pamoja na watu waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Merikebu ya Ravenscrag iliyotia nanga Honolulu mwaka 1879 iliwabeba mafundi mbao kadhaa, akiwemo Manuel Nunes, ambao baadaye walianza kuviunda hukohuko. Sanduku lake ni dogo na nyuzi zake ni laini, kwa hiyo sauti yake haiendi mbali. Ukikaanga samaki hatua chache kutoka kwa mpigaji, watu wa nyuma watasikia mafuta kabla ya kusikia wimbo.

Ndiyo maana nililiacha karai nyumbani kwa sehemu kubwa ya ratiba, na blenda sikuifikiria hata kidogo. Ukwaju niliuloweka na kuuchuja usiku uliotangulia, nikauweka kwenye ndoo zenye barafu. Mkaa niliuchagua mkavu, kwa sababu wenye unyevu hupasuka na kurusha cheche, kisha nikauwasha mapema ili wakati wa nyimbo za kwanza uwe umekolea. Nafasi ya banda nayo niliipigania: ulikuwa msimu wa kusi, na upepo huo ukishika kasi mchana hubeba majivu na moshi moja kwa moja, kwa hiyo niliomba nikae kaskazini ya viti ili moshi wangu uelekee ghubani na usiwafikie wasikilizaji. Waandaaji walitaka kuniweka karibu na lango, mahali wanapoona pana biashara, lakini pale pangewafanya wageni wote waingie wakikohoa.

Suala la vidole lilinisumbua zaidi kuliko la kelele. Mpigaji hashuki jukwaani akamaliza kazi. Hukaa chini ya mwembe na chombo mapajani, akajaribu wimbo na wenzake, na hula huku akipiga. Mzee mmoja aliniambia waziwazi, "Mama, nipe kitu nitakachokula kisha nishike nyuzi bila kurudi kunawa." Vitumbua na sambusa vikawa vimejitoa vyenyewe. Nilibaki na mkate wa kumimina, ambao huokwa kwa moto wa juu na chini na ukikatwa vipande hauachi mafuta mengi mkononi, na pweza aliyechemshwa kwanza, akakatwa vipande vidogo, akachomwa na kuchomekwa kwenye vijiti. Korosho niliziuza bila chumvi. Wapo walionung'unika, lakini chembe za chumvi huhama kutoka kidoleni hadi kwenye uzi, na mteja asiyepiga chochote aliwekewa chumvi yake pembeni kwenye kikaratasi.

Pweza ana habari yake. Huku kwetu hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na watu wakaweza kutembea juu ya miamba na kumtoa mashimoni. Maji yakiwa mafu, sokoni huwa wachache na bei hupanda. Tarehe ya tamasha iliangukia maji mafu, jambo ambalo hakuna mwandaaji anayelifikiria anapopanga ratiba. Nilinunua bamvua lililotangulia nikawagandisha, na wala sikuona hasara, kwa kuwa pweza aliyeganda huwa laini zaidi baada ya kuchemshwa kuliko yule aliyetoka baharini asubuhi.

Ming'oko ndiyo iliyowashangaza wageni. Mizizi hii huchimbwa porini wakati wa kiangazi, huchemshwa, na huliwa kwa chumvi na pilipili. Pilipili sikuithubutu kuiweka mikononi mwa watu wanaojifuta jasho usoni kati ya wimbo na wimbo, kwa hiyo niliimenya kabisa, nikaikata, nikaweka vijiti vya meno. Shangazi yangu, aliyenisaidia siku nzima, aliona kwamba ming'oko ya kuliwa kwa kijiti si ming'oko tena, na sina hakika kama alikosea.

Bei zote zilikuwa shilingi 500 au 1,000, ili chenji isichukue maneno mengi, na ndani ya kopo la fedha tulitandika kipande cha kanga, maana sarafu ya 500 ikianguka kwenye bati tupu mlio wake hufika jukwaani. Vyakula tulivifunga kwa karatasi za kaki na majani ya mgomba, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha na ukulele zote kuingia kwenye mikoba yake, nilimtuma kijana nyumbani akalete karai. Shangazi, aliyekuwa ameshika ulimi tangu asubuhi, alisimama mbele ya banda akaita, "Vibua vya moto, wajomba! Vibua na muhogo!" Waliokuwa wakila kwa vijiti mchana kutwa sasa walikula kwa mikono yote miwili, mafuta yakiwatiririka hadi viwikoni, na saa hiyo moja iliuza kuliko mchana wote. Muhogo uliisha kabla ya samaki, kwa hiyo waliochelewa walikula vibua kwa mkate wa kumimina uliobaki, wakasema vinaendana vizuri, jambo ambalo mimi na shangazi hatukubaliani nalo hata kidogo.