Usiku Nilipoifungua Emacs Bila Dirisha

Dirisha la Emacs, programu ninayotumia kuhariri maandishi, lilikuwa limejichora nusu tu: ikoni juu, chini weupe mtupu. Seva ya barua pepe ilikuwa mbali, mtandao wangu usiku ule ulikuwa wa simu, na mistari michache ya faili la mipangilio ilipaswa kubadilishwa kabla watu hawajaingia kazini. Nilikuwa nikilivuta dirisha lile kutoka kwenye seva kwa X11, mfumo wa kuonyesha madirisha, kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Kumbe menyu moja haishuki mpaka kompyuta mbili zimeulizana na kujibizana mara nyingi, na kila jibu lilichelewa.

Nikampigia dada aliyenitangulia kazini.

"Mdogo wangu, hilo dirisha la nini? Lifunge. Anza na screen, itakayoiweka kazi yako hai kwenye seva hata mtandao ukikatika, kisha andika emacs -nw, yaani Emacs bila dirisha."

Ikafunguka papo hapo. Herufi juu ya weusi, hakuna ikoni, na kipanya hakikuwa na kazi. Lakini rangi za sintaksia, zinazotofautisha sehemu za faili, zilikuwepo, F10 ilileta menyu kwa maandishi, na vidole vyangu vilikuta kila kitu mahali pake. Kilichopita kwenye waya sasa kilikuwa herufi na alama fupi za kusogeza kasa (alama ya mahali unapoandika), zile zile ambazo VT100, kituo cha maandishi chenye skrini na kibodi, ilizielewa tangu 1978. Kuchora ilikuwa kazi ya kompyuta yangu mwenyewe. Nilifurahi mno kuliona hilo kwa macho, kwa sababu nilizoea kudhani konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, ni mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika. GNU Emacs ilianza kusambazwa 1985, ikitumika kwenye vituo vya maandishi. Madirisha yaliikuta njiani.

Kitu kimoja tu kilinigomea. Ctrl na nukta-mkato, niliyokuwa nimeipangia amri ya kugeuza mstari kuwa maoni (mstari ambao kompyuta huuruka), haikufanya lolote. Dada akanieleza: konsoli hupokea misimbo ya herufi, haioni vitufe vyenyewe. Ctrl+I hufika kama Tab, Ctrl+M kama Enter, na mchanganyiko wangu haukuwa na msimbo wowote.

Nikiwa katikati ya faili, mtandao ukakatika. Moyo ulinipasuka! Niliporudi hewani nikaandika screen -d -r, na Emacs ikatokea kama nilivyoiacha, kasa palepale, mabadiliko ambayo sikuwa nimeyahifadhi yakiwa mazima, kwa kuwa yenyewe ilikuwa ikiendelea kule kwenye seva muda wote. Nikahifadhi, nikasoma mipangilio upya, nikaanzisha huduma. Barua zilizokwama kwenye foleni zikaanza kutoka.

Asubuhi nilihamisha amri yangu ya maoni kwenda Ctrl+C ikifuatwa na herufi, nafasi ambayo Emacs humwachia mtumiaji na ambayo konsoli yoyote huipokea.