RX-7 ya mwaka 1983 inapomisi: jinsi nilivyotafuta hitilafu bila kushusha injini

Gari langu ni Mazda RX-7 ya mwaka 1983, lenye injini ya rota mbili (vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni) aina ya 12A na kabureta ya Nikki yenye midomo minne. Nililinunua hapa Ohio kwa mtu aliyelitunza ndani ya banda kwa miaka mingi na kuliendesha kwa nadra. Mwanzoni mwa kiangazi lilianza kumisi, yaani kukosa milipuko ndani ya injini. Likiwa baridi liliwaka mara moja na kwenda vizuri, lakini baada ya dakika kama ishirini barabarani, hasa likipanda mlima, lilishtuka, nguvu zikakatika ghafla na kurudi, kisha ekzosti ikatoa mlio mkali kama wa baruti. Nikilizima na kuliacha lipoe kwa nusu saa, lilirudi kuwa zima kabisa.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka haikuchukua muda kulisikiliza. Niliambiwa kwamba injini za rota zote huishia hivyo, kwamba sili za kwenye ncha za rota zimekwisha, na kwamba dawa ni kuishusha injini na kuifungua yote. Sikukubali, kwa sababu maelezo hayo hayakulingana na kile nilichokuwa nikikisikia kila nikiliendesha. Linanisikitisha sana jambo hili, maana injini za 12A hazitengenezwi tena, na kila moja inayofunguliwa pasipo sababu hupoteza sehemu ambazo ni vigumu kuzipata tena.

Kabla ya kushika spana, mtu anapaswa kuyajua mapigo ya injini hii. Rota ina pande tatu, kila upande na chumba chake cha kuunguzia petroli, na inapozunguka mara moja shafti huzunguka mara tatu. Kwa hiyo kila rota hutoa mlipuko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti, na rota mbili hutoa milipuko miwili, sawa na injini ya kawaida ya pistoni nne. Lakini pistoni moja kati ya nne ikifa, unapoteza robo ya nguvu, ilhali rota moja ikifa unapoteza nusu. Tena kila sili ya ncha hutenganisha vyumba viwili, hivyo ikivunjika, pande mbili kati ya tatu za rota ile hukosa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwa pamoja, na injini huchechemea kwa mdundo usiobadilika. Hitilafu ya namna hiyo haingoji dakika ishirini ndipo ijitokeze. Huonekana tangu asubuhi unapoliwasha gari, na injini iliyochoka kwa kawaida hugoma kuwaka hasa ikiwa moto. Langu liliwaka likiwa moto bila stata kuhangaika hata kidogo.

Jambo la pili la kulijua ni mpangilio wa plagi. Kila rota ina plagi mbili, moja chini na nyingine juu yake. Ile ya chini ndiyo inayotangulia kuwasha, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Ile ya juu hufuatia, ikisaidia kuunguza mchanganyiko uliobaki, kwa kuwa chumba cha rota ni kirefu na chembamba na moto hauwezi kukijaza wote kwa cheche moja. Katika magari ya mwaka 1981 hadi 1985, plagi mbili za kutangulia hupata umeme kutoka koili moja (kifaa kinachokuza umeme wa betri ili utoe cheche), na mbili za kufuatia kutoka koili ya pili. Kila koili ina ignaita yake, yaani kiboksi kidogo cha kielektroniki kilichofungwa kwa skrubu ubavuni mwa distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Matokeo yake ni kwamba upande wa kufuatia ukifa wote, dereva anaweza asitambue, isipokuwa nguvu kupungua kidogo na ekzosti kuwa ya moto zaidi. Upande wa kutangulia ukifa, gari hutetemeka na kupasua ekzosti.

Nilianza na kompresheni, ingawa sikuishuku, kwa sababu nilitaka jambo la sili liishe kabisa kabla ya kuendelea. Geji ya kawaida ya injini za pistoni huhifadhi kipimo cha juu kuliko vyote, na kwa rota hilo hudanganya, kwani upande mmoja mzima huficha miwili mibovu. Kwa hiyo niliitoa ile valvu ndogo inayozuia hewa isirudi, nikaifunga geji kwenye tundu la plagi ya chini, nikakata umeme wa koili, kisha nikamwomba mke wangu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho na apige stata huku mimi nikiutazama mshale. Injini inapaswa kuwa na joto la kazi, na betri iwe imejaa, kwa sababu kipimo kinategemea stata izungushe injini karibu mara 250 kwa dakika. Mshale uliruka mara tatu, tatu, tatu, kwa urefu uleule, na sauti ikatoka pfu, pfu, pfu bila pengo. Rota ya nyuma ilifanya vivyo hivyo. Kiwango cha chini kinachokubalika ni karibu kilo 6 kwa sentimita ya mraba, yaani paundi 85 kwa inchi ya mraba, na tofauti kati ya vyumba isizidi kilo moja na nusu. Langu lilikuwa juu ya hapo pande zote sita.

Plagi nilizitazama kwa haraka. Zile za chini zilikuwa nyeusi na zenye unyevu wa petroli katika rota zote mbili, na zile za juu zilikuwa na rangi ya kahawia nzuri. Hiyo ilikuwa ishara kubwa, nami nusura niipite bila kuijali. Plagi moja mbovu, au waya mmoja mbovu, huharibu rota moja tu. Hapa zilikuwa zimeugua plagi mbili zenye koili moja. Nilifungua kifuniko cha distribyuta, nikakuta hakina ufa wala mistari ya kaboni. Usiku nilizima taa za bandani, nikaiwasha injini na kuangalia nyaya gizani, lakini sikuona cheche yoyote ikivuja.

Chombo kilichonisaidia kuliko vyote ni taa ya kupimia taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Watu wengi huitumia kwa kurekebisha taimingi peke yake, kisha wanairudisha kabatini, ilhali ni shahidi mzuri sana wa kumisi. Kibanio chake hufungwa juu ya waya wa plagi, na taa humulika kila umeme unapopita. Nililiendesha gari hadi hitilafu ilipoanza, nikarudi haraka nyumbani, nikaiacha injini ikizunguka karibu mara elfu mbili kwa dakika, nikakifunga kibanio kwenye waya wa kutangulia wa rota ya mbele. Kila injini iliposhtuka, taa nayo ilizimika katika nukta ileile. Nikahamia waya wa kutangulia wa rota ya nyuma, mambo yakawa yaleyale. Nikahamia nyaya za kufuatia, taa ikamulika bila kukosa hata mara moja huku injini ikiendelea kushtuka. Kama taa ingebaki imara kwenye nyaya zote nne, ningejua kwamba umeme hauna kosa na ningeigeukia kabureta. Kwa kuwa ilizimika kwenye nyaya mbili zinazochangia koili moja, eneo la kutafuta lilibaki dogo: koili ya kutangulia, ignaita yake, au waya unaoviunganisha.

Raha ya gari hili ni kwamba koili mbili zinafanana na ignaita mbili zinafanana, kwa hiyo vipuri vya kujaribia tayari viko ndani ya gari. Nilibadilishana koili kwanza, maana ni rahisi kuzifikia. Hakuna kilichobadilika. Siku ya pili nikabadilishana ignaita, ile ya kutangulia nikaiweka mahali pa ile ya kufuatia, nikatoka kwa safari ya saa nzima. Injini ilikwenda laini kama hariri, bila mshtuko, bila mlio wa ekzosti, hata mlimani. Lakini baada ya dakika ishirini na kitu, mshale wa dashibodi unaoonyesha mizunguko ya injini ulianguka hadi sifuri, ukapanda, ukaanguka tena. Katika gari hili mshale huo hupata ishara yake kutoka koili ya kufuatia. Ile ignaita mbovu ilikuwa imehamia upande ambao injini inaweza kuuvumilia, nayo ilikuwa inajitangaza mbele ya macho yangu. Nilisimamisha gari pembeni mwa barabara na kuutazama mshale ule ukicheza kwa dakika kadhaa, kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Nilipoifungua niliona sababu. Ignaita hizi hutoa joto, na hupoa kwa kulipitisha kwenye mwili wa distribyuta kupitia mafuta mazito meupe yanayopakwa kati yao. Baada ya miaka arobaini mafuta yale yalikuwa yamekauka na kuwa unga. Nilisafisha nyuso zote, nikapaka mafuta mapya ya kuhamisha joto kwenye ignaita zote mbili, nikafunga nyingine iliyotumika lakini nzima upande uliokuwa na ugonjwa. Kisha nikapima taimingi. Kwenye puli kuna alama mbili, ya njano ya plagi za kutangulia na nyekundu ya zile za kufuatia, na zote zilikaa sawa na pini injini ikizunguka mara 750 kwa dakika.

Kulibaki kijishtuko kidogo sana nilipokuwa nikienda kwa mwendo mmoja usio na haraka. Kwa sababu taa ilionyesha kwamba umeme umetulia, niliifikia kabureta nikiwa na haki ya kuishuku. Kila bakuli la kabureta ya Nikki lina kijioo cha kuonyesha kimo cha petroli, na vyote viwili vilionyesha kimo kizuri. Nikaanza kubana mipira ya hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine, injini ikiwa inaunguruma polepole. Magari yaliyouzwa Marekani yana mipira mingi mno juu ya injini kwa ajili ya kudhibiti moshi, na inazeeka kwa joto. Nilipoubana mmoja ulio nyuma ya kabureta, mngurumo ulinyooka hapohapo. Ulikuwa na ufa upande wa chini ambao jicho halikuuona. Kuna wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta ili kutafuta uvujaji wa hewa, na njia hiyo inafanya kazi, lakini dawa hiyo huwaka moto haraka na ekzosti ya injini hii ni kali sana. Mimi siitumii juu ya injini yenye joto.

Nieleze pia kwa nini sikuliendesha kwa wiki nzima nikingoja nafasi. Petroli isiyoungua ndani ya rota huenda kuungua kwenye ekzosti, na vichujio vya kusafishia moshi vilivyo chini ya sakafu vinaweza kupata joto hadi kuwa vyekundu. Vilevile petroli hiyo huosha oili inayolainisha sili, kwa hiyo hitilafu ya umeme iliyopuuzwa inaweza kuua sili zilizokuwa nzima. Ukifikia hapo, utabiri wa ile gereji utatimia, ingawa mwanzoni haukuwa kweli.

Wenye RX-8, gari la baadaye la Mazda lenye injini ya rota, huko nyumbani wameniuliza kama haya yanawahusu. Gari lao halina kabureta wala distribyuta, na kila plagi ina koili yake, lakini kipimo cha kompresheni cha kuhesabu miruko mitatu ni kilekile, na koili zao nazo huchoka kwa joto.

Jumamosi iliyopita nilitoa plagi zote nne baada ya maili mia mbili. Zile za chini zimekuwa na rangi ya kahawia kama za juu, na mshale wa mizunguko haujaanguka tena.