Nilivyochora mistari 100 kwenye pete ya chuma

Pete ya vipimo ya mashine yangu ndogo ya kukereza vyuma, ile yenye mistari ya kuonyesha skrubu imesogea kiasi gani, ilikuwa imefutika kabisa. Skrubu hiyo husogea milimita 2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nilihitaji mistari 100, kila mmoja ukihesabu milimita 0.02. Kwenye bapa ningechora kwa rula nikamaliza. Kwenye mviringo wenye kipenyo cha milimita 38, rula haina pa kukaa.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Mzingo ulikuwa milimita 119.4, nikaifungua bikari milimita 1.2 na kutembea nayo alama kwa alama. Kosa la hatua moja halionekani kwa macho, ila nilipozunguka hadi mwanzo, nafasi ya 100 ilitoka nusu ya wenzake. Nikaipiga pete msasa, alama zote zikaondoka.

Nilichofanya baadaye ni kugawanya mduara mkubwa badala ya mdogo. Nilikata duara la mbao la kipenyo cha milimita 318 hivi, maana mzingo wake ni kama mita moja, nikalifunga upande wa nyuma wa mhimili wa mashine, pete ikiwa imebanwa upande wa mbele (ilibidi mashine isogezwe hadi ukingoni mwa meza). Nikalizungushia futi ya chuma iliyokatwa mita moja kamili. Ya fundi cherehani usiijaribu, inavutika. Duara lilikuwa dogo kidogo, nikaongeza utepe wa karatasi wenye gundi ukingoni, tabaka juu ya tabaka, hadi ncha mbili za futi zikagusana. Msumari mwembamba uliokazwa mezani ukawa mshale. Hapo kila sentimita ya futi ni mstari mmoja wa pete, na nikikosea nusu milimita kule, kwenye pete ni milimita 0.06 tu.

Mashine nikaichomoa kwenye umeme. Kisu chenye ncha kali nilikilaza ubavu, ncha ikiwa sawa na kitovu cha pete, nikawa nazungusha duara kwa mkono, nalibana kwa kabari, kisha nasukuma kisu: milimita 3 mistari ya kawaida, 5 kwa kila wa tano, 7 kwa kila wa kumi. Nilizungusha upande mmoja tu. Ukipitiliza, rudi nyuma sana ndipo uje tena.

Namba nilizichora kwa umeme. Nilipaka rangi ya kucha, nikakwangua tarakimu kwa sindano, nikaunga pete kwenye waya mmoja wa betri ya volti 9, na kwa waya wa pili nikagusisha pamba yenye maji ya chumvi. Dakika nzima povu tupu, chuma hakijaguswa. Kumbe nyaya nilizigeuza. Pete ndiyo inayokaa upande chanya. Nilipozibadilisha, sekunde 30 zilitosha.

Mwisho nilijaza rangi nyeusi, nikafuta juu. Mistari imekaa vizuri. Namba ndizo zinazopanda kinyume na mkono unavyozunguka, kwa hiyo ule msasa utarudi kazini.